Bunduki Ambayo Sikuitengeneza

Baba aliniachia bunduki ya mtutu mmoja, ya kiwandani, yenye kibali chake, lakini hakuniachia moyo wa kuwinda. Damu inanishinda. Hata kuku wa sikukuu nyumbani kwetu huchinjwa na jirani. Pamoja na hayo, tangu ujana wangu sijapenda kitu kama nilivyopenda bunduki: uzito wake begani, harufu ya mafuta kwenye chuma, na ule mlio mfupi mtambo unapokaa mahali pake. Wenzangu hapa Kasongo walipenda mpira, wengine walifuga njiwa. Mimi, Ijumaa baada ya swala, nilitandika kanga kuukuu barazani nikaifungua bunduki ya baba kipande kwa kipande, nikaipangusa, nikaifunga tena, hata kama ilikuwa haijafyatuliwa tangu Ijumaa iliyopita.

Mke wangu alipita na ungo wa mchele akasema, "Umemaliza kumuogesha mutoto?"

Kazi iliyotulisha ilikuwa pikipiki. Barabara ya Kabambare huzivunja, mimi huziunga. Nyuma ya nyumba nilijenga kibanda cha mabati chenye jiliwa moja, tupa za kila ukubwa, na rundo la vyuma ambavyo mke wangu aliviita takataka. Sikutupa kitu. Springi ya lori iligeuka patasi, tairi likawa bawaba ya mlango wa choo, na redio iliyokufa ilitoa sumaku ya kuokotea misumari. Wawindaji nao waliniletea bunduki zao zilegezwe, zikazwe, zibadilishwe vitako. Hiyo sikuihesabu kama kazi. Niliwachelewesha kwa makusudi ili bunduki ilale kwangu siku mbili zaidi.

Maoni nilikuwa nayo mengi, na niliyatoa bila kuombwa. Kwamba anayepaka bunduki mawese anyang'anywe, kwa kuwa mawese huganda na kuita siafu. Mafuta ya cherehani ndiyo dawa. Kwamba kitako kizuri ni cha mvule uliokaushwa kivulini. Kwamba bunduki ya mwindaji ni ya risasi moja tu, na anayehitaji nyingi hajui kusubiri. Zile bunduki za vita sikutaka hata kuzitazama. Niliona zimetengenezwa kwa ajili ya mtu asiyemjua anayempiga, na asiyetaka kumjua. Wateja walicheka. Mmoja aliniambia, "Fundi, siku wakikuletea moja ya hizo utaiogesha vilevile." Nilikasirika, nikamrudishia bunduki yake siku hiyohiyo.

Aliyenielewa kuliko wote alikuwa shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Wao ni watu wa mashamba, Wakristo, na kijiji chao kiko upande wa Lusangi. Alikuwa mrefu, mpole, anayecheka kwa pua. Kila kiangazi alikuja kuazima bunduki ya baba, akairudisha mvua zinapoanza, safi kuliko alivyoichukua, pamoja na mguu mkavu wa mboloko, yule swala mdogo wa msituni. Mwanzoni mama yangu alikataa kuila nyama hiyo, akisema hajui imeuawa kwa jina la nani.

"Mama," shemeji akamwambia, "mbele ya kufyatua nasemaka Bismillahi. Mutoto wenu huyu alinifundisha. Nyuma yake naongeza Baba Yetu, sababu ya mama yangu."

Mama akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo alikula.

Kisha mambo yakaharibika upande wa Kabambare. Watu wenye silaha walitoka misituni, wakaanza kuwanyang'anya wawindaji bunduki zao. Baadaye askari nao wakaja, na wao wakamkamata yeyote aliyekutwa na bunduki, mwenye kibali na asiye nacho. Ikatangazwa kwamba anayetaka amani apeleke bunduki yake ofisini. Niliipeleka ya baba. Niliipaka mafuta, nikaifunga kwa ile kanga ya barazani, nikaikabidhi kwa kijana ambaye aliitupa juu ya nyingine kama kuni. Ule mlio wa chuma juu ya chuma niliusikia mwilini. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikisukuma pikipiki iliyokuwa nzima kabisa. Hata kuiwasha sikuwaza.

Shemeji hakunilaumu. Ila nguruwe pori hawakusikia tangazo la serikali. Walifukua mihogo yake usiku baada ya usiku, na msimu ule watoto wake walikula mihogo michanga na sombe, mboga ya majani ya mihogo, isiyo na chumvi. Mwishoni akanunua bunduki ya kienyeji kwa mhunzi mmoja wa upande wa Nyangwe, akaja nayo kwangu akiwa ameificha ndani ya mkeka.

Niliigeuza juani. Chuma kilikuwa chembamba upande mmoja kuliko mwingine, na kiungo cha nyuma kilikuwa kimezibwa kwa haraka.

"Shemeji, hii iko bomba ya maji," nikamwambia. "Haiko bunduki. Itakuua."

"Unaweza kuitengeneza?"

"Hapana. Hakuna mutu anaweza. Iache hapa niikate, nikufanyie jembe."

Akaisugua kwa kidole gumba pale penye kasoro. "Jembe ninalo," akasema. "Kitu cha kuvuna ndicho sina." Akaifunga mkekani, akaondoka. Ningeweza kumnyang'anya kwa nguvu, mke wangu amenikumbusha mara moja au mbili. Lakini alikuwa mtu mzima mwenye watoto, na mkono wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Ilipasuka asubuhi moja ya ukungu, katikati ya shamba lake. Habari ilinikuta kibandani. Dereva wa pikipiki aliyetoka kule aliniambia bila kushuka. Nilimkuta shemeji amelazwa juu ya mlango uliong'olewa, mkono wa kushoto umefungwa kwa shati, na jicho la upande huohuo limefunikwa kwa jani la mgomba. Tulimpakia kwenye pikipiki, katikati yangu na kijana mmoja wa kwao, tukashika njia ya Kasongo. Kila shimo la barabara lilimtoa sauti ambayo sikujua mtu anayo. Mara moja tu alisema maneno yanayoeleweka. Aliuliza kama nguruwe alipatwa.

Hakupatwa. Munganga wa hospitali aliukata mkono juu kidogo ya kifundo, na jicho halikurudi.

Aliporudi kwao nilianza kumtengenezea mkono. Hiyo ndiyo kazi niliyoifanya kwa moyo kuliko zote maishani. Nilifua ndoano kwa springi, nikashona kikombe cha ngozi kwa ndani na mpira wa tairi kwa nje, nikaweka mkanda wa kuvuka bega ili uzito usivute kovu. Niliupima kwenye mkono wangu mwenyewe, nikalimia bustani ya mke wangu kwa ngumi iliyofungwa, nikabadilisha mpindo wa ndoano hadi mpini wa jembe ulipokaa bila kuteleza. Kisha nikaupeleka.

Aliutazama muda mrefu. "Watoto wataogopa," akasema.

"Watazoea."

Mama yake, yaani mama mkwe wangu, alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe. Alisema, "Vaa, mwanangu. Huyu ndugu hakulala sababu yako." Wakati huo bado alikuwa akinipenda.

Nilikuwa nakaza mkanda begani mwake pale wenye silaha walipoingia uani. Jua lilikuwa limepanda, watu walikuwa wengi, hakuna aliyekimbia kwa kuwa walishakuwa pande zote. Mkubwa wao alivaa kofia ya sufu na viatu vya mvua. Nyuma yake kijana mmoja alibeba gunia, akalibwaga chini, na kwa mlio tu nilijua ndani mna nini.

"Wanasema fundi wa bunduki wa Kasongo yuko hapa," mkubwa akasema. "Nani?"

Macho ya watu yakanigeukia. Alinijia, akanishika kidevu kama mtu anayepima mbuzi.

"Utakuja na sisi. Huko kwetu kazi iko nyingi. Ukitengeneza vizuri utakula vizuri."

Nilijua wapo mafundi waliochukuliwa hivyo, na sikumjua hata mmoja aliyerudi. Hapo ndipo nikasikia shemeji akicheka, kile kicheko chake cha pua.

"Mumupeleke," akasema. "Mumupeleke tu, mkubwa. Na nyinyi mutakuwa hivi." Akauchomoa mkono wake kutoka kwenye kile kikombe cha ngozi, akaunyanyua, ncha yake bado nyekundu. Halafu akainua uso ili jicho lililokufa lipate mwanga. "Bunduki yake ndiyo ilinifanya hivi. Alisema ni nzuri. Alisema hakuna fundi kama yeye Maniema muzima. Leo amekuja kunidanganya na hiki chuma."

Mama mkwe aliacha maharagwe.

Mkubwa akanigeukia. "Ni kweli?"

Nilimtazama shemeji. Jicho lake zima lilikuwa limenikazia, halicheki.

"Ni kweli," nikasema.

Walinipiga kidogo, kwa kitako cha bunduki, mbavuni, zaidi kwa dharau kuliko kwa hasira. Mmoja alichukua mfuko wangu wa tupa. Kisha wakainua gunia lao, wakachukua na mbuzi wawili wa jirani, wakaondoka. Nilipokuwa nimelala chini nikivuta pumzi, shemeji aliinama kana kwamba ananitemea mate, akaninong'oneza, "Usilikane neno hili mbele ya mutu. Wako na masikio hapa." Nami sikulikana.

Uongo ule ulifika Kasongo kabla yangu. Kijiji kizima kilikuwa kimesikia, na waendesha pikipiki hulala kila kituo. Mzee mmoja ambaye bunduki yake niliitunza kwa miaka mingi, na ambaye alikuwa ameificha kwangu asiipeleke ofisini, alimtuma mkwewe aichukue. Mkwewe hakukaa hata kunywa maji. Wateja wa pikipiki nao wakaanza kuuliza mara mbili kama breki nimezikaza. Ningekana, nani angezuia habari isirudi msituni? Wangerudi kunichukua, na kabla yangu wangeanza na shemeji aliyewadanganya. Nikawa mtu anayeinamisha kichwa akipewa lawama, na baada ya muda shingo ilizoea.

Mke wangu nilimwambia, chumbani, kwa sauti ya chini. Alilia kwanza kwa ajili ya kaka yake, halafu kwa ajili yangu. Baadaye alikasirika bila kujua amkasirikie nani, akavunja chungu.

Shemeji tulionana mara chache tangu pale. Ndoano aliivaa, niliambiwa analimia nayo vizuri. Mbele za watu hakunisalimia. Siku moja tulikutana njiani, mimi napanda yeye anashuka, hakuna mtu mwingine barabarani. Tulisimama. Aliniuliza hali ya mama, nikamwambia mama anauliza nyama. Akacheka. Hatukuzungumza lile neno, nami niliona hakuna haja, kwamba siku zitapita, wale watu watahama, na yeye mwenyewe atalifuta kwa mdomo wake uleule.

Homa ilimkuta katikati ya mvua, daraja likiwa limekatika. Alikufa kabla hawajapata mtu wa kumbeba.

Tulifika kwa kuvuka mto kwa miguu, maji kifuani, mke wangu ameshika pikipiki upande mmoja. Kaburini niliomba koleo nimfukie. Mdogo wake akalivuta mikononi mwangu. "Wewe ulishamaliza kazi yako," akasema. Nilisimama nyuma, pamoja na watu nisiowajua.

Miezi ikapita, wale wenye silaha wakasogea mbali, na mke wangu akasema sasa imetosha. Tulienda pamoja kwa mama yake. Tulimkuta amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani. Mke wangu alimweleza yote: mhunzi wa Nyangwe, mkeka, maneno yangu juu ya bomba la maji, na yale kaka yake aliyoninong'oneza nikiwa chini. Alieleza vizuri, hakuruka kitu.

Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. "Unamuosha bwana yako," akasema.

"Mama, ni kweli. Kaka alimwambia mwenyewe."

"Mimi nilimuuliza mara ngapi? Kila siku nikimuosha kidonda nilimuuliza, ni shemeji yako kweli? Anasema ndiyo, mama. Mpaka anakufa anasema ndiyo." Aliinuka kidogo kwa kiwiko, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Hakuwa na chuki usoni, uchovu tu. "Sasa unataka niseme mwanangu alinidanganya mimi, mama yake, mpaka kaburini? Siwezi, baba. Hiyo siwezi. Afadhali wewe ndiye uwe umekosa."

Nilijibu, "Ndiyo, mama."

Mke wangu alinigeukia akitaka kusema, nikamshika mkono. Mama mkwe alilala tena, akavuta kanga hadi kidevuni. Baada ya muda alituambia tuondoke kabla ya mvua, kwa kuwa njia ni mbaya, na kwamba kwenye kapu la jikoni kuna maharagwe, tuwapelekee watoto.