Simu ya Mama Rebeka

Ipo siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kila ninapowasikia mkibishana juu ya simu zenu: hii ni ya kampuni gani, ile imeshuka sokoni, ile nyingine ndiyo inayouzika dunia nzima. Jana mlitoleana maneno mazito mezani kwangu hadi chakula kikapoa. Leo keti, nikusimulie.

Nilikuwa msichana, nimetoka Kitale kuja Juba kupika katika hoteli moja. Sudan Kusini ilikuwa imepata uhuru juzijuzi, na watu walikuwa wakirudi kutoka Khartoum kwa malori na matishari. Asubuhi moja niliomba ruhusa kazini, nikaenda mtaa wa Sherikat kununua simu.

Duka lilikuwa la Okello, kijana wa Gulu, Uganda. Mpole sana, ila usimgusie kampuni yake. Alikuwa akiuza simu za vitufe za kampuni moja tu, na hizo ndizo zilizompa duka na kumwezesha kuoa. Mlango wa pili alikuwa Ladu, mwenyeji wa Juba, aliyeuza zile mpya za kugusa kioo. Walikuwa marafiki, mchana walikula sahani moja.

Siku hiyo redio ilikuwa imetangaza kwamba kampuni ya Okello mauzo yake yameanguka, na baadhi ya viwanda vyake vinafungwa. Ladu akaingia anacheka.

"Kalas, Okello! Kampuni yako imekwisha. Hizi vitufe utauzia nani?"

"Wewe nauza kioo," Okello akajibu. "Inaanguka mara moja, inapasuka. Yangu inaanguka kwa mawe, inaamka."

Wateja wakaingilia. Mmoja alisema bei ndiyo iliyoiua kampuni. Mwingine akasema kampuni kubwa haifi, itarudi. Madereva wa boda wakashuka kwenye pikipiki zao wakaja kushuhudia. Nami nilisikiliza kwa makini, maana nilitaka kujua ninunue ipi.

Mbele kabisa, karibu na meza, alisimama mama mmoja mrefu, shuka lake limefungwa begani, simu kaishika kwa mikono miwili. Baadaye nilijua kuwa anaitwa Mama Rebeka, wa mtaa wa Hai Malakal. Kila kelele zilipopungua alifungua kinywa, na kila alipokifungua, mtu akamfunika kwa hoja nyingine.

Hatimaye Ladu akaiona ile simu. Akaitwaa mikononi mwake, akaiinua juu.

"Tazameni! Si ya kampuni yake hii? Imekufa! Ushahidi huu hapa!"

Okello akaruka kuinyang'anya. Wakavutana. Simu ikaanguka kwenye sakafu ya saruji, betri ikaenda kivyake na kifuniko kivyake. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mama Rebeka akapiga magoti, akaanza kukusanya vipande.

Alikuwapo mzee mmoja wa Uganda, Mzee Lubega, aliyewahi kuendesha malori ya Kampala hadi Juba. Alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda akisubiri simu yake ijae chaji. Akainuka taratibu, akashika mkono wa mama yule, akamsimamisha.

"Nyinyi vijana," akasema, "huyu mama iko hapa tangu duka inafunguliwa. Nani ameuliza yeye nataka nini?"

Akawageukia Okello na Ladu.

"Hiyo kampuni najua nyinyi? Mkikufa leo, itatuma mtu kuzika? Lakini huyu ni mama yenu. Mmemuacha chini."

Okello aliinamisha kichwa. Ladu akanong'ona, "Malesh, mama. Samahani." Ndipo Mama Rebeka alipopata nafasi ya kusema. Binti yake, Achol, alikuwa njiani kutoka Khartoum na watoto. Alikuwa ameahidi kupiga akifika Renk, mji wa mpakani. Simu ilizimika usiku, ikakataa kuwaka.

Mwanangu, waliobishana asubuhi nzima wakafanya jambo dogo sana. Okello alitoa laini kwenye ile simu iliyovunjika, akaitia katika simu yake mwenyewe. Ladu akaleta kiti na chai. Nilipaswa kurudi jikoni, lakini miguu ilikataa.

Jua lilikuwa limesogea sana simu ilipolia. Okello alikuwa ameiweka sauti ya juu kwa sababu ya makelele ya barabara, kwa hiyo sote tulisikia. Kwanza kilio. Halafu sauti ya mwanamke, kwa Kiarabu chetu cha Juba:

"Mama? Uko hai?"

Huko Renk, mtu alikuwa amemwambia Achol kwamba mama yake alishafariki. Hakuamini, akapiga. Akapiga tena na tena, simu haipatikani. Basi akaamini. Alikuwa amekwisha pakia vitu vyake kwenye lori la kurudi Khartoum, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine Juba. Watoto wakiwa tayari juu ya lori, aliazima simu ya mwenye duka mmoja wa hukohuko Renk ajaribu mara ya mwisho.

"Niko hai," Mama Rebeka alisema. "Shuka kwenye lori, mwanangu. Shuka."

Ladu alitoka nje, akasimama akiupa ukuta uso. Okello alikataa kuipokea tena simu yake. Achol na watoto walifika Juba kabla ya mvua kubwa, nami niliwaona kwa macho yangu.

Sikukatazi kupenda kitu kizuri, wala kusema hiki kibovu na hiki imara. Pesa ni yako na macho ni yako. Ninachokuomba ni hiki: usimpigie kelele ndugu yako kwa ajili ya kampuni isiyokujua jina. Na ukiwa katikati ya ubishi mtamu, tazama kando, uone ni nani anayesubiri umuulize shida yake. Muulize mapema.

Mungu akupe sikio linalosikia sauti ndogo. Wanaokutafuta wakupate, na unaowatafuta wakuitikie. Amina.