Senene Waliokosa Soko

Juzi ugonjwa ulipowafukuza wateja sokoni Bukoba, nilimkuta muuza senene, wale panzi wa kuliwa, anasinzia juu ya ndoo yake, nikacheka peke yangu.

Nilipokuwa msichana, mama yangu, Paskazia, alikuwa amekaanga senene wa kuuza ili ninunuliwe gauni la Krismasi, kipindupindu kikafunga soko letu kule Muleba. Baba, Ishengoma, alikula mpaka akashindwa. Siku zile sisi wanawake tulikatazwa kuwala: ukila, utazaa mtoto mwenye kichwa cha senene.

Alasiri harufu ikaanza kugeuka. Mama akafunga mlango.

"Kula, Koku. Gauni lako ndilo hili."

Nikala nikilia. Mawe, mama wee, utamu! Machozi yakakauka yenyewe.

Miaka baadaye nilipojifungua mwanangu Domina, sikuuliza ni wa kike au wa kiume. Nilimwambia mkunga, "Kwanza nionyeshe kichwa."