Aliyekula Nungunungu ni Mimi

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nimechuchumaa jikoni kijijini kwa wakwe zangu, si mbali na stesheni ya Igalula, kipande cha nyama ya nungunungu kikiniunguza ulimi na macho yangu yako mlangoni. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tumboni nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nyama ile ilikuwa mwiko kwa kila mwanamke wa nyumba ile, na kwa mwenye mimba ilikuwa mwiko mara mbili.

Naanza hapo kwa sababu najua ndipo unapopataka. Wajukuu zangu wanaosoma Tabora mjini wakija likizo hawaniulizi habari za kilimo wala za ndoa. Wananionyesha kwenye simu kijana wa nchi za mbali anatafuna nge, mwingine ameshika nyoka wa kukaanga, kisha wananigeukia: "Bibi, eti na wewe ulikula nungunungu? Ladha yake ikoje?" Mama yao huwakemea, anaona wananiaibisha. Mwache akemee. Nilikula, na sioni haya kusema. Ilikuwa tamu. Ni kama nguruwe aliyelelewa kwa karanga, ngozi nene yenye mafuta, inateleza yenyewe kooni. Anayetaka niseme ilikuwa chungu ili vijana waogope, akatafute bibi mwingine.

Aibu yangu iko mahali pengine, na ndiyo niliyokuitia.

Mimi ni mzaliwa wa upande wa Kipalapala, kwenye mashamba yanayopakana na seminari. Kwetu tulikula nguruwe, mbuzi, kuku, na kumbikumbi mvua zikianza. Nilipoolewa Igalula nikakuta watu wanaokula pori zima. Wazee wa nyumba ile walijivunia kwamba babu zao walikuwa wapagazi, wabeba mizigo wa misafara ya kwenda pwani, na kwamba njaa ya njiani iliwafundisha kutobagua chochote chenye miguu. Ajabu ni kwamba kila mnyama alikuwa na masharti yake, na sharti la nungunungu lilikuwa jepesi kulikariri: wanawake wanapika, wanaume wanakula.

Sikiliza vizuri uone kama nilikosea kukasirika. Nungunungu hao walinenepa kwa kufukua karanga zetu, na karanga tulizipanda sisi wanawake, tukazipalilia sisi kwa migongo yetu. Wanaume walimtoa mnyama shimoni kwa moshi wakatuletea na miba yake yote. Sisi tukachemsha maji, tukammwagia, tukang'oa mwiba mmoja mmoja, tukamparua kwa kisu, tukambabua motoni hadi machozi yakatutoka. Miba tuliruhusiwa kubaki nayo, maana ni mizuri kwa kugawanya nywele wakati wa kusuka. Nyama, hapana. Hata chumvi hatukuonja! Mchuzi ukichemka aliitwa mwanaume mmoja, akachovya kidole, akalamba, akasema "ongeza" au "inatosha", akaenda zake. Mpaka leo nikikumbuka kidole kile, napandwa na hasira.

Walisema mwanamke mwenye mimba akila nungunungu, mtoto hukataa kutoka, hujikunja na kusimamisha miba. Asiye na mimba hufungwa kizazi. Nikauliza ni nani aliyemwona mtoto mwenye miba. Kuuliza si ujinga, au sivyo? Mama mkwe akanijibu, "Wewe mwali wa Kipalapala, usituletee ubishi wa kwenu."

Jikoni tulikuwa wawili, mimi na Milembe, mke wa kaka mkubwa wa mume wangu. Milembe alikuwa mtu wa Igunga, mpole, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Ndiye aliyenionyesha njia ya kisimani, ndiye aliyeniambia nani anapenda ugali mgumu na nani hataki mlenda. Alikuwa ameolewa miaka sita na hakuwa amepata mtoto. Jambo hilo lilisemwa kila siku mle ndani, hata siku ambayo halikusemwa.

Basi siku hiyo nilikula. Sikuwa na njaa, na uchu wa mimba nisiusingizie. Nilitaka kujua tu. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho kinachofichwa ulimi wangu wakati mikono yangu inakifahamu mpaka mfupa. Na ujinga wangu ukawa kwamba nilichagua kipande cha mgongoni, ambacho kila mtu alijua ni cha baba mkwe. Nilifumba macho kumeza; nilipoyafumbua, Milembe alikuwa amesimama mlangoni na mzigo wa kuni. Alitua kuni, akachukua upawa, akakoroga chungu ili pengo lisionekane.

Yeye ndiye aliyebeba bakuli kupeleka shikome, pale penye moto ambapo wanaume hula pamoja. Baba mkwe akatafuta kipande chake, hakukiona. Muda si mrefu tukaitwa wote wawili mbele ya mama mkwe.

"Nani kala?"

Nikanyamaza. Milembe akasema, "Mimi sijala, mama."

Mama mkwe akamtazama usoni, akashusha macho mpaka tumboni, akasema polepole, "Kumbe ndiyo maana."

Mwanangu, watu wale walikuwa wametafuta sababu kwa miaka sita, na sasa wameiokota ndani ya chungu. Ikawa Milembe amekuwa akila nyama ile kwa siri tangu aolewe. Ikawa amejifunga kizazi mwenyewe kwa ulafi wake. Mumewe aliinamisha kichwa, hakumtetea. Ujumbe ukatumwa Igunga kwamba kaka zake waje wamchukue.

Angeweza kunitaja kwa neno moja. Nilimfuata kisimani nikamuuliza kwa nini hasemi. Akajaza ndoo yake kwanza, kisha akanijibu, "Wewe una mtoto tumboni. Wakijua ni wewe watakunywesha madawa yao mpaka mimba itoke. Mimi wananifukuza tu."

Na mimi nilifanya nini? Nilishukuru. Nikajitwisha ndoo yangu nikarudi nyumbani. Ikapita siku ya kwanza, ikapita ya pili, nikisonga ugali na kuitikia "abee" kila nilipoitwa. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma nikamwachia mwenzangu ale peke yake.

Siku ya tatu asubuhi aliniita bibi yake mume wangu, Bibi Kabula, mkongwe ambaye macho yalikuwa yamekwisha na hakutoka nje bila fimbo. Alitaka nimsuke. Aliniita "mke mwenzangu", kwa utani wa bibi kwa mke wa mjukuu wake. Nikaketi nyuma yake na mwiba wangu, nikaanza kugawanya nywele.

"Mke mwenzangu," akasema, "ile nyama ilikuwaje?"

"Nyama gani, bibi?"

"Usinichezee. Macho yamekufa, pua haijafa. Siku ile uliniletea ugali vidole vinanukia nungunungu, na si harufu ya kuparua. Ni ya kulamba."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Nikaanza kulia, nikamwambia nilitaka kujua ladha yake tu, sikuwa na nia mbaya. Akanikatiza kwa kupiga fimbo chini.

"Nyamaza! Kula si ajabu, na mimi nilikula nikiwa kijana kuliko wewe. Nyama iliisha siku ileile. Sasa hivi unakula mtu. Unamla Milembe, na kila ukiitikia 'abee' unakata kipande kingine."

Nikapata ujasiri wa kumuuliza, "Na wewe ulipokula, bibi, ulisema?"

Akailaza fimbo magotini. Kisha akasema, "Sikusema. Ndiyo maana leo na wewe umekatazwa kuonja chumvi."

Nilimwacha na nywele nusu zimesukwa.

Kaka zake Milembe walifika adhuhuri, wawili, wamejaa vumbi la lori. Wakakaribishwa shikome, wakakaa na baba mkwe na wanaume wa nyumba. Milembe alikuwa ameshafunga kanga zake kwenye mfuko, amekaa kizingitini anangoja kuitwa. Kwa desturi ile mke wa mtoto hakumtazama baba mkwe usoni, na shikome hakukanyaga ila kwa kupeleka chakula. Nilikwenda mikono mitupu. Nikapiga magoti, nikasema shikamoo, nikajibiwa marahaba kwa mshangao. Kisha nikasimama.

"Baba, aliyekula nungunungu ni mimi. Milembe hajala. Nilikitoa kipande chako kwa mkono wangu huu, nikakila na tumbo langu hili. Na chumvi haikutosha."

Kaka mmoja wa Milembe akakohoa; nadhani alimeza kicheko. Mume wangu akawa anatazama miguu yake. Nikasikia mama mkwe nyuma yangu akipiga yowe kama mtu aliyefiwa.

"Unajua unachosema, mkwe wangu?" baba mkwe akauliza.

"Najua, baba. Na kama lazima mtu arudishwe kwao, Kipalapala ni karibu kuliko Igunga."

Sikurudishwa. Sikudanganyi kwamba ni kwa ushujaa wangu. Tumbo ndilo lililoniokoa, maana mtoto alikuwa wao. Walileta dawa ya kunisafisha nikakataa kuinywa, na Bibi Kabula akaja kuketi mlangoni kwangu na fimbo yake akiwauliza nani anapita. Mume wangu hakusema nami karibu mwezi mzima, ingawa ugali wangu aliula. Uchungu uliponishika ulinishika siku mbili, hilo nalo sikufichi, na wote wakasema ni nungunungu. Akatoka binti, mzima, mlaini kila mahali. Nimezaa watano baada yake bila kuonja nungunungu, na wa tatu alinitesa kuliko wote. Wamtafutie naye mnyama wake.

Lakini Milembe, mwanangu. Milembe hakuchukuliwa siku ile. Kaka zake walikula, wakapumzika, wakarudi kwao. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe, mchana kweupe, bila kufukuzwa na mtu. Alisema hawezi kulala nyumba moja na mume aliyeinama. Akaolewa Nzega, akazaa wawili. Kwa hiyo kizazi hakikuwa kimefungwa, na wale waliosema "ndiyo maana" hakuna hata mmoja aliyekwenda kumwomba radhi.

Nilimsindikiza mpaka stesheni siku anaondoka. Nilitaka aniambie kwamba yamekwisha. Akanishika mkono, akacheka kwa pua kama kawaida yake, akasema, "Nyama nilikusamehe palepale mlangoni. Zile siku mbili, bado." Treni ikaja akapanda.

Tulitembeleana baadaye, tukapelekeana michembe ya viazi vikavu na mchele, tukazikiana wazazi. Hakuzitaja tena siku zile, nami sikuthubutu kuuliza. Mwaka juzi nilikwenda Nzega kumzika. Wanawe walinipokea vizuri, wakanipa kiti cha mbele na wafiwa, wakawaambia watu kwamba mimi ndiye rafiki mkubwa wa mama yao. Nilikaa kwenye kiti kile nikalia mpaka wakaniletea maji, na hawakujua ninachokililia.

Sasa nasaha yangu ni hii. Sikukatazi kudadisi. Aliyekwambia udadisi ni dhambi anaogopa utakachokiona. Ila ukitaka kujua ladha ya nungunungu, njoo uniulize mimi, usiende kumtega. Siku hizi wanyama wa pori wana sheria yao, na wana magonjwa yao, na tumbo lako si la kuchezewa ili watu kwenye simu wakushangilie. Ukiambiwa mwiko, uliza sababu, na ukipewa sababu isiyo na kichwa wala miguu, ikatae hadharani. Usiikatae jikoni kwa kificho kama mimi, kwa maana mwiko unaovunjwa kwa siri haufi, unakwenda kumfunga binti atakayekuja nyuma yako. Na ukishakula, sema umekula. Sema siku ileile, kabla jina la mwenzako halijaingia kinywani mwa watu. Usingoje mpaka uwe jasiri, kwa sababu mimi nilikuwa jasiri siku ya tatu, na wanaonisifu kwa siku hiyo hawajui habari za siku mbili zilizotangulia.

Nenda, mwanangu, na baraka zangu zote. Mungu akupe meno mpaka uzeeni, na nyumba ambayo kila anayepika anaonja. Akupe rafiki kama Milembe, na akukinge usimfanyie nilivyomfanyia mimi. Na siku watakapouliza nani kala, akupe sauti wakati mwenzako bado yupo wa kukusikia. Amina.