Nilipokwenda Bunda Kujificha

Jumamosi ile naikumbuka mpaka shati nililovaa, mwanangu: la mikono mirefu, la kanisani, na jua la Bunda unalijua. Nilikuwa na miaka thelathini na tano, naishi Musoma, nauza samaki mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha, na nilikuwaga mlevi. Siyo mlevi wa sherehe. Mlevi wa asubuhi, yule ambaye asipopiga moja kwanza hawezi hata kufunga vifungo. Mke wangu Nyangeta alivumilia, akavumilia, mwisho akabeba watoto wetu wawili akarudi kwao Butiama. Mama yake akanitumia ujumbe kwa mshenga: "Mwambie Magesa, mwanangu harudi mpaka yeye aache pombe." Basi. Hakuongeza neno.

Nesi mmoja wa Musoma akanieleza kwamba viko vikundi viwili vya watu wanaoacha pombe. Wanakaa pamoja, wanasimuliana, wanatiana moyo. Kimoja kilikuwa hapo hapo mjini, natembea dakika kumi tu. Cha pili kilikuwa Bunda, mtaa wa Nyasura, kila Jumamosi saa nane mchana. Mimi na akili zangu nikachagua Bunda. Eti Musoma wananijua! Kana kwamba walionizoa mtaroni walikuwa hawanijui. Cheka tu, hata mimi nacheka.

Nashuka stendi, dereva wa bodaboda ananiuliza, "Wapi, braza?" Niliona aibu kutaja kikundi. Nikamwambia nakwenda kwa fundi baiskeli, Nyasura. Na kweli akanipeleka kwa fundi baiskeli! Nikasimama pale, baiskeli sina, fundi ananitazama na spana mkononi. Nikazunguka mtaa, nikarudi. Nikazunguka tena, nikarudi. Saa nane ilishapita, na nyumba ya pili kutoka pale kulikuwa na kilabu, harufu ya pombe inanijia puani. Mwanangu, hapo ndipo ningepotea. Mguu mmoja ulishageukia kule. Sijui nguvu niliitoa wapi, nikamgeukia fundi, nikapaza sauti mbele ya wateja wake wote: "Mzee, natafuta wale wanaoacha pombe! Mimi ni mlevi!"

Hakuna aliyecheka. "Si ungesema tangu mwanzo!" fundi akanifokea. "Mlango ule wa bluu. Wahi, wameshaanza."

Nilikimbia, mtu mzima na shati langu la kanisani! Nikasukuma mlango. Watu kama tisa wamekaa kwa duara, na mama mmoja amesimama, kanipa kisogo, anasema, "Tangu nimzike mume wangu nilikuwa nakunywaga kwa siri, chupa naficha kwenye debe la unga. Leo nina miezi mitatu sijaonja." Akasikia mlango, akageuka.

Loo! Mama mkwe wangu! Mama yake Nyangeta mwenyewe, yule yule aliyenitumia mshenga!

Kwetu, mwanaume na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawakai chumba kimoja. Ukimwona njiani unaingia vichakani apite. Nikarudi nyuma hatua mbili. Kumbe naye Butiama aliaga kwamba anakwenda Bunda kupima presha. Kila mmoja alikimbia watu wake, tukaja kugongana sisi.

"Magesa," akasema, macho chini, "ukitoka hapa sasa hivi, unakwenda wapi?"

Nilijua ninakokwenda, na yeye alijua.

"Basi kaa, baba. Heshima nitaitunza mimi."

Akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akaketi. Nami nikageuza changu, tukapeana migongo. Hivyo ndivyo nilivyosema habari zangu zote kwa mara ya kwanza, nauambia ukuta, machozi yananitoka, na nyuma yangu mama mkwe naye analia. Na furaha, mwanangu! Furaha kabisa! Tangu siku ya harusi yangu sikuwahi kufurahi vile. Miaka yote nilidhani niko peke yangu.

Tulikaa hivyo Jumamosi nyingi. Nilianguka mara moja, nikanywa siku tatu. Jumamosi iliyofuata nikarudi, na yeye hakunigombeza. Karibu mwaka unaisha, Nyangeta akanipigia simu, sauti inamtetemeka. "Mama ameniambia nirudi kwako. Namuuliza amejuaje kama umeacha, anasema anajua tu. We Magesa, mama yangu hajawahi kukutetea! Ni kweli?"

Siri ya mama haikuwa yangu kuitoa. Nikamjibu, "Ni kweli. Njoo." Akaja na watoto wote wawili, na mdogo alikuwa ameshasahau sura yangu. Habari za Nyasura mke wangu alikuja kuzisikia baadaye, kwa kinywa cha mama yake mwenyewe.

Basi, mwanangu, wewe unayesoma haya na mikono inakutetemeka, kikundi kilicho karibu nawe ndicho chako, usihangaike kwenda mbali. Ulizia waziwazi, mchana kweupe, na useme unachokitafuta. Wanaokujua wanajua tayari. Ukimkuta ndani mtu unayemwonea haya, usitoke, maana naye amekuja kupona, na huenda anakuhitaji kuliko unavyomhitaji. Ukianguka, rudi wiki ile ile.

Mungu akupe mdomo wa kuuliza na miguu ya kufika. Akurudishie waliokukimbia, mmoja mmoja, na siku watakayobisha hodi wakukute uko macho, uwafungulie mwenyewe.