Dau la Bei ya Kiberiti

Inatangazwa kwa umma, kwa sauti ya chini kidogo ili wagonjwa wasishtuke, kwamba siku ya Alhamisi, saa nne na ushei asubuhi, ndani ya wodi ya kusafishia damu, mtu mzima mwenye akili zake timamu aliweka simu chini na kuinuka ilhali mkononi ana ree mbili. Wacheza poka, simameni dakika moja. Wasiocheza wakae tu, wataelezwa.

Mtu mwenyewe ni fundi wa kufuli. Kibanda chake kimejibana chini ya ngazi za jengo la maduka, upana wake kama kabati la nguo, na ukutani zinaning'inia funguo mia nne zisizo na meno zikisubiri kuchongwa. Watu humwita Komeo. Hana papara. Hutega sikio kwenye kitasa kama mkwe mbea, akakisikiliza mpaka kikasema chenyewe kinataka nini.

Miaka kadhaa iliyopita figo zake zote mbili ziliacha kazi bila hata kuandika barua. Tangu hapo, mara tatu kwa wiki, akawa analala kitanda namba tano masaa manne mazima. Mkono wa kushoto ulikuwa na sindano mbili nene, moja ikipeleka damu kwenye mashine na nyingine ikiirudisha. Mkono wa kulia ulifungwa mkanda wa kupima presha, uliombana kila baada ya nusu saa. Maji ya kunywa, chupa ndogo moja kwa siku. Na haja ndogo, mniwie radhi, ilimhama kabisa. Miaka minne hakuona hata tone, akabaki kuwaonea wivu watoto wa jirani waliolowesha magodoro.

Poka alifundishwa na mgonjwa wa kitanda namba sita, mwendesha teksi ambaye wodi nzima ilimwita Dereva.

"Kaka, utaitazama dari mpaka lini? Ingekuwa na cha kukwambia ingeshasema. Lete simu."

Mchezo ulikuwa wa mtandaoni. Watu sita wasiojuana wanazunguka meza iliyo ndani ya kioo cha simu, kila mmoja ana karata mbili za siri, nyingine zinafunuliwa katikati, na mwenye mkono bora anazoa lote. Hakuna karata za kuanzia zinazozidi ree mbili. Dereva alicheza meza kubwa, yenye madau mazito, na Komeo akaingia humohumo, kichwa kichwa.

Mkanda ukabana. Mia moja sabini na nane.

Sista, muuguzi mwenye miwani inayoning'inia kifuani na ulimi usioning'inia popote, alidhani kipimo kimeharibika. Akabadilisha mkanda. Mia moja themanini na tatu. Akaleta kipimo kingine. Mwishowe akafunua shuka.

"Hee! Wewe unaumwa figo au unaumwa tamaa?"

"Sista, nina mfalme na malkia wa kopa hapa."

"Utakuwa na sanda hapa. Lete simu."

Wakapatana hivi: kucheza ruhusa, lakini presha ikivuka mia moja arobaini, simu inahamia mfukoni mwa Sista hadi mwisho wa zamu. Ndivyo Komeo alivyopata kipimo ambacho wacheza poka wengine hawana. Wao hujiuliza dau wanaloliweza ni lipi, halafu wanajidanganya. Yeye alijibiwa na mkono wake mwenyewe. Akashuka meza moja: mia moja sitini. Akashuka nyingine. Akashuka, akashuka, mpaka akafika kwenye dau la bei ya kiberiti, na hapo moyo ukajikunja kama paka aliyeshiba. Pesa ile ikipotea, nyumbani hakuna atakayejua. Ikirudi, hakuna atakayepika pilau.

Hapo ndipo alipoanza kucheza kweli. Karata mbovu, anajitoa. Karata za wastani, anajitoa vilevile. Akipigwa mikono mitatu mfululizo anaizima simu na kuhesabu vigae vya dari mpaka hasira ishuke, maana mcheza kwa hasira ni sawa na fundi anayelazimisha ufunguo: utamvunjikia ndani.

"Kaka, unacheza poka au unasubiri basi?" Dereva alimtania.

"Nasubiri lenye kiti."

Basi lenyewe lilikuja likiendeshwa na dada yake. Dada huyo ni muuza vioo, mwanamke anayekata kioo huku anagombana na mteja kwenye simu, na hakuna kinachopinda. Alipoambiwa figo yake inalingana na ya mdogo wake, hakulia wala hakuomba siku ya kufikiri.

"Chukueni ya kushoto," alimwambia daktari. "Ya kulia nailalia."

Daktari alikuwa na sharti moja. Presha ya Komeo itulie wiki sita mfululizo, na karatasi za wodini ndizo zitakazoshuhudia. Ikipanda, anarudishwa mwisho wa foleni, na foleni yenyewe ilikuwa ya mwaka na zaidi.

Wiki nne zikapita kimya. Wiki ya tano, Dereva akanong'ona, "Kaka, ingia meza kubwa sasa hivi. Kuna mwehu anaongeza dau hata kwa karata za kuwashia moto. Mtu kama huyu hazaliwi mara mbili!"

Komeo akaifungua. Kutazama tu. Hakuweka hata senti. Kweli jamaa alikuwa mwehu wa kutunukiwa kikombe, na kidole gumba cha Komeo kikaanza kuwasha. Mkanda ukabana.

Mia moja hamsini na mbili.

Kwa kutazama tu! Akamkumbuka dada yake, ambaye tangu siku ya vipimo alikuwa anakula bila chumvi ili mdogo wake asiteseke peke yake, huku akilitukana kila tonge. Komeo akaifunga meza.

"Sista, shika simu."

"Leo unanipa kabla sijaomba? Unaumwa nini?"

"Tamaa."

Baada ya nusu saa akampima tena: mia moja ishirini na nane. "Naandika zote mbili," Sista akasema, "na sababu naandika." Daktari aliposoma *alitazama meza kubwa, akaiacha*, alicheka mpaka akafuta machozi, kisha, wiki ya sita ilipotimia, akatia sahihi ya upasuaji.

Figo ya dada iliamka kabla mshono haujakauka, ikaanza kazi kwa ubishi uleule wa mwenyewe. Komeo aliwashukuru madaktari mpaka wakaanza kumkwepa kwenye korido. Wodi nzima aliibadilishia vitasa bure, pamoja na kabati la Sista ambalo lilikuwa zima. Na kila Alhamisi hufunga kibanda, akaenda kukaa kwenye stuli kando ya Dereva, ambaye bado anangoja figo yake. Siku hizi naye anacheza dau la kiberiti, kwa hiari yake, anavyodai. Mfuko wa Sista una habari tofauti.

Alhamisi ile dada mtu naye alikuwepo, kashika chupa kubwa ya maji.

"Kunywa. Usiniulie figo yangu."

"Dada, hii ya tatu."

"Nimekuuliza hesabu?"

Akanywa. Simu ikampa ree mbili. Wawili wakaongeza dau, Dereva akachungulia, macho yakamtoka. Komeo akaitazama simu, akailaza kitandani, akainuka.

"Wagonjwa wenzangu!" Dereva akapaza sauti. "Mtazameni mtu! Ree mbili, meza imejaa, na anaziacha! Hii ndiyo nidhamu tunayohubiriwa. Kaka, tupe siri, umewezaje?"

Komeo alikuwa ameshafika mlangoni, magoti yamebanana, tabasamu limetoka sikio hadi sikio.

"Mkojo."