Kibuyu Katika Chumba cha Mazoezi

Juzi nilimsindikiza shangazi yangu, aliyeteguka bega, kwenye chumba cha mazoezi cha hospitali moja hapa Kampala. Mbele yetu alisimama mwanajeshi mstaafu mwenye mguu mmoja wa bandia, ameng'ang'ania vyuma viwili vya kushikilia. Mtaalamu wa mazoezi alimhesabia: "Moja, mbili, afande." Afande hakuinua hata kisigino.

Mkewe akatoa kwenye mkoba nusu ya kibuyu na fungu la spoki za baiskeli. Kwao Acholi, kaskazini mwa Uganda, vijana hutafuta wachumba kwa ngoma ya kibuyu kama hicho. Akaanza kukipiga kwa zile spoki. Bega la mume likacheza kwanza, kisha kiuno, kisha ule mguu wa bandia ukasogea.

Muuguzi mkuu akaja mbio. "Mama, hii ni hospitali, hakuna harusi hapa! Wagonjwa wanataka kimya."

"Wagonjwa gani?" mama akauliza, mkono haujasimama.

Wagonjwa wenyewe walikuwa wanapiga makofi, shangazi akijipiga paja kwa mkono wake mzima.

"Basi punguza sauti."

"Sista, siku bomu ilichukua mguu yake, nani aliambia bomu ipunguze sauti?"

Afande alikuwa amefika mwisho wa vyuma. Akageuka, akarudi.

Ukutani mle kuna bango kubwa: NYAMAZA. Lihamishieni mochwari. Kule ndiko kuna watu watakaolitii.