Rais wa Amerika kwenye Makalio ya Mama

Wajukuu wangu wanasoma historia ya Amerika kwenye simu. Juzi yule wa kike alinionyesha picha ya rais aliyepigwa risasi ndani ya gari, mke wake pembeni.

"Koko, huyu unamujua?"

Namjua. Nilitembea nyuma yake utoto wangu wote. Alikuwa kwenye makalio ya mama yangu.

Rais huyo alipokufa, wafanyabiashara wa bandari yetu ya Kindu walileta vikwembe, vitenge vya kujifunga, vyenye sura yake. Mama akanunua, akajifunga sura ikae nyuma, penye nafasi. Mama alikuwa na mwili, kwa hiyo rais naye alinenepa.

Halafu waasi wakaingia mjini, wakasema kitu chochote cha Amerika ni adui, na mwenye nacho pia. Majirani wakamwambia mama akichome. Mama akasema, "Niko na kikwembe kimoja tu kizuri. Nikichoma, niende sokoni na majani ya ndizi?"

Siku moja tulikuwa tunatoka sokoni, mimi nimebeba sombe, majani ya muhogo ya kupika, tukafika kwenye bariyeri ya waasi, gogo lililolazwa katikati ya njia. Kijana mwenye mkuki akamzunguka mama, akasimama nyuma.

"Huyu muzungu njo nani?"

"Rais wa Amerika."

Mama yangu hakujua kudanganya, hata pale ilipofaa. Mkuki ukainuka. Mimi nikajikojolea, sifichi.

"Vua! Tukichome!"

"Navua, baba. Lakini ndani sina kitu. Mganga wenu alisema nini juu ya mutu anayeona uchi wa mwanamuke?"

Walikuwa wamepewa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, na dawa hiyo ilikataa wanawake. Kijana akaruka nyuma, mkono machoni. Wenzake wakacheka hadi wakainama.

"Kimbia, dawa inatoka!"

Aibu ikamzidishia hasira. "Basi tutakuua na kikwembe chako mwilini!"

"Juu ya nini?" mama akauliza, mikono kiunoni. "Huyu nani alimuua? Waamerika wenyewe, kule kwao, mchana, watu wanaangalia. Redio ilisema. Sasa munataka kumuua mara ya pili, muwasaidie Waamerika kazi?"

Mkubwa wao, aliyekuwa amekaa juu ya pipa, akafikiri sana. Unaona mtu anafikiri mpaka mdomo unabaki wazi.

"Kama Waamerika walimuua," akasema, "basi alikuwa adui yao. Adui yao njo ndugu yetu." Akasimama, macho makali. "Na wewe, mama, unamukalia ndugu yetu! Geuza!"

Mama akageuza kikwembe, sura ikaja tumboni. Wale watu wakalipigia tumbo la mama yangu saluti. Tukapita.

Tangu hapo, kila bariyeri mama alimtanguliza rais. Lakini siku waasi walipofukuzwa, hata moto hajawasha, alimrudisha nyuma.

"Akae kule," alisema. "Huku mbele ananusa sombe yangu jikoni kila siku, na hata asante hasemi."